Mwaka wa Pikipiki ya Mgiriki

Habari za kifo cha Ramadhani zilinifikia wakati wamekwisha kumzika. Nilifika Iringa siku ya hitima, nikakaribishwa kwenye jamvi pamoja na wazee wenzangu, na binti yake mkubwa, Mwajuma, akaja kunisalimu. Aliponishika mkono hakuuachia. "Shikamoo baba. Marehemu alikuwa hachoki kutusimulia ile pikipiki mliyoikuta kuku wanataga ndani yake. Hebu tusimulie na wewe, tucheke kidogo, maana tumelia mpaka tumechoka." Nikawasimulia. Niliwaambia habari za kuku, za buti zangu zisizolingana, za siku niliyoingia na pikipiki katikati ya shamba la mahindi la watu nikatokea upande wa pili nimevaa majani kama mganga. Walicheka, hata waliokuwa na macho mekundu. Lakini niliyoyasimulia yalikuwa nusu tu. Nusu ya pili tuliijua watu wanne, na watatu kati yao sasa hawapo. Nimerudi Mbeya na kikohozi cha safari na daftari jipya, nami naona nisipoiandika nitakuwa nimemdanganya tena mtu ambaye sikupaswa kumdanganya hata mara ya kwanza.

Mwaka wa pikipiki hiyo, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa karani wa kupima mbao katika kiwanda kimoja nje kidogo ya mji wa Iringa. Nilipanga chumba Miyomboni kwa Bi. Zuhura, mama yake Ramadhani, mjane ambaye wazee wake walikuja bara kutoka pwani na biashara ya nguo wasirudi tena. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia shati, na ukuta wa udongo usiofika juu kwenye dari, hivi kwamba harufu ya kila kilichopikwa upande wa pili ilipita, na maneno yakapita pia. Asubuhi nilisikia vitumbua vikitatarika kwenye mafuta kabla sijasikia jogoo. Jioni tulikula pamoja, ugali na maharage mara nyingi, samaki mkavu siku za neema, na Ijumaa wali. Bi. Zuhura hakujali kuwa mimi ni Mnyakyusa na Mkristo. Aliniita mwanangu, akanikemea kama mwanawe. Ramadhani alikuwa fundi baiskeli hapohapo barazani, amenizidi miaka minne, mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya Idi.

Pikipiki ilikuwa ya Mgiriki mmoja mlima tumbaku aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nilitumwa shambani kwake kwa kazi ya mbao, nikaiona katika banda, imeegemea ukuta, kiti kimeliwa na panya, na kuku mwekundu amelala chini ya tangi kwenye majani aliyoyakusanya mwenyewe. Yule Mgiriki aliniona nikitazama. Alitaja bei, nikacheka kwa adabu nikaanza kuondoka. Akataja nyingine. Jumapili iliyofuata niliuza baiskeli yangu na koti langu la baridi, koti pekee, katika mji wenye baridi kama ule, na mimi na Ramadhani tukaisukuma pikipiki kutoka shambani mpaka mjini, mwendo wa siku nzima, huku Wahehe wa njiani wakitupungia mikono, "Kamwene! Mbona gari lenu haliendi?"

Sikuwa na pesa ya spea, kwa hiyo kila kitu kilitoka mahali pengine. Cheni tuliipata kwenye takataka za gereji ya Kalasinga mmoja, tukaichemsha katika mafuta kwenye sufuria ambayo Bi. Zuhura hakuitumia tena. Tairi la mbele lilikuwa na tundu la kupitisha kidole, Ramadhani akalishonea kipande cha ngozi kwa ndani. Petroli niliinunua kwa chupa. Glavu alinishonea Bi. Zuhura kwa gunia, ndani akaweka kipande cha blanketi kuukuu. Buti nilipewa na askari aliyerudi kutoka vitani Bama, moja kubwa kuliko nyingine. Kofia ya chuma hatukuiota hata ndotoni, nilivaa ya sufu.

Nilidhani nitaipanda siku injini itakapowaka. Ramadhani alikataa. "Kwanza uisukume, bwana karani. Wiki nzima. Uijue uzito wake, ukiiangusha ujue kuiinua peke yako." Wiki iliyofuata alinipandisha kwenye mteremko juu ya uwanja wa mpira, injini imezimwa, nishuke kwa breki tu, nisimame pale alipochora mstari kwa kijiti. Nikipita mstari, tunaisukuma tena juu. Nilikasirika, nikamwambia amenifanya punda. Alikaa kwenye nyasi akafuta jasho. "Kwenda utajifunza kwa siku moja. Mimi nakufundisha kusimama." Siku aliponiruhusu kupiga kiki, ile pedeli ilirudi ikanipiga kwenye ugoko, na alama yake ninayo mpaka leo. Kisha ikawaka. Ilikohoa moshi mweusi, ikatetemeka yote, na mimi nikatetemeka juu yake. Ofisa wa polisi wa Kizungu aliyenijaribu kwa ajili ya leseni alinizungusha kwenye pipa mara tatu. Mara ya kwanza nilitia mguu chini, akanirudisha nyumbani. Mwezi uliofuata nilipita.

Hayo yote nilikuwa namwandikia dada yangu Sekela, aliyeolewa Igawilo, karibu na Mbeya, mumewe akilima viazi na pareto mlimani. Tulibaki wawili tu kwetu. Barua zake zilikuwa fupi na za amri. "Ukija na hiyo pikipiki usije ukaizima barabarani uingie unaikokota kama mbuzi," aliandika. "Ije ikiwaka mpaka mlangoni, na honi upige. Nimewaambia majirani, wanasema mwongo." Ramadhani alisoma maneno hayo akaangua kicheko, akaenda kutafuta honi ya mpira wa kuminya, akaifunga kwenye usukani kabla hata taa haijapatikana. Nilikuwa nimebakiza tairi la nyuma tu. La zamani lilikuwa limeisha kabisa, na hata Ramadhani alisema kwa hilo nisivuke hata mto wa mjini.

Nilijua Sekela amelazwa hospitali, na barua ya shemeji ilikuja Jumanne. Aliileta Sanga, dereva wa lori aliyekuwa anakaa Uyole na kubeba mchele wa Rujewa kuuleta Iringa. Alikuwa mtu wa kanisa moja na shemeji, na barua aliichukua bila kudai chochote. Alimkabidhi Ramadhani barazani kabla ya adhuhuri, nami nikaipata nilipotoka kazini. "Shemeji, dada yako amerudi kutoka hospitali, lakini hajarudi kwa kupona. Uvimbe wa tumbo umemshinda. Anakuulizia kila siku. Ukiipata barua hii, njoo." Niliisoma nimesimama. Ramadhani aliacha kujaza upepo akasema, "Basi liko Alhamisi." Nikasema ndiyo. Nauli nilikuwa nayo, mfukoni, imefungwa kwenye leso.

Lakini siku hiyohiyo duka la Mhindi lilikuwa limepokea tairi la kipimo changu, moja tu, na nilikwishapitia pale kabla sijafika nyumbani. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii nilifikiri nini. Nikisema sikumpenda dada yangu, nitakuwa nasema uongo. Niliwaza uso wake akiniona nikiingia na ile mashine. Niliwaza kuwa amewaambia majirani, na kwamba furaha hiyo itampa nguvu. Nilijiambia siku nne si kitu. Lakini niliwaza pia sura yangu mwenyewe juu ya pikipiki, na watu wa kwetu wakitoka nje kunitazama, na mpaka leo siwezi kuyatenganisha mawazo hayo mawili nikasema hili lilikuwa upendo na hili majivuno. Jumatano nililinunua lile tairi.

Jioni hiyo nilikuwa chumbani nikivua buti, na upande wa pili Bi. Zuhura alikuwa anapepea mkaa. "Umemwambia?" nilimsikia akiuliza.

"Nimemwambia, mama. Hata nauli nimemwambia nitampa mimi, kama amemaliza yake kwenye tairi. Anasema pikipiki itakuwa tayari Jumamosi."

"Pikipiki." Nikasikia upepeo ukipiga mkaa. "Hiyo pikipiki itamzalia dada mwingine?"

"Mtu mzima yule, mama. Nimfunge kamba?"

Kisha Bi. Zuhura akaita kwa sauti yake ya kila siku, "Ambakisye mwanangu, njoo ule." Nilikwenda, nikakaa, na hakuna aliyesema neno juu ya safari. Aliniwekea kipande kikubwa cha samaki kuliko cha mwanawe. Nilikila chote.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kiwandani na futi mkononi niliposikia basi la Mbeya likipiga honi barabarani. Nilipima ubao mmoja mara mbili, na mara zote mbili nikaandika kosa. Jumamosi spoki za gurudumu la nyuma zilionekana zimepinda, gereji ikawa imefungwa, na ikawa Jumatatu. Jumanne alfajiri, wiki nzima tangu barua, Ramadhani alinishikia taa ya mkono nikafunga mzigo. Hakunilaumu. Alikaza nati moja ambayo ilikuwa imekazwa tayari, akasema, "Usikimbize. Kwenye changarawe usiguse breki ya mbele. Mungu akufikishe."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Baridi ya Mufindi ilipenya shati na gazeti nililoweka kifuani, ukungu ukanilowesha nyusi, na bado nilikuwa naimba. Nilipata pancha mbili, ya kwanza karibu na njia ya Igowole, nikaziziba mwenyewe kama nilivyofundishwa. Jioni nilifika Makambako nimekuwa mwekundu kwa vumbi, na Mbena mmoja mfanyakazi wa barabara akanipa pa kulala. Mkewe aliniletea ugali na maharage akauliza ninakwenda wapi na chombo kile. Nilisema nakwenda kumwona dada yangu, ni mgonjwa. "Basi atapona akikuona," alisema yule mama, nami nikamwamini. Kesho yake niliteremka kwenye joto la Usangu, ng'ombe wakikimbia mbele yangu na wachungaji wakicheka, nikapita Igawa, nikapita Chimala, nikaanza kupanda tena, na alasiri nikakata kona ya Uyole kuelekea Igawilo.

Sikuizima. Niliingia nayo ikiwaka mpaka uani, kama alivyoagiza, na honi nikaiminya kuanzia kwenye migomba. Nje ya nyumba niliona wanaume wengi wamekaa kwenye mabenchi, wamejifunika mablanketi, na nikatabasamu, nikaminya tena, kwa sababu nilidhani wamekusanyika kunitazama. Hakuna aliyesimama. Ndani ya nyumba wanawake waliposikia mlio ule wakaanza kulia upya, wote kwa pamoja. Shemeji Gwamaka alitoka kwenye benchi akaja polepole, hana viatu, akashika usukani kwa mikono yote miwili kana kwamba mashine ile ingemkimbia.

"Zima, shemeji," alisema. "Zima kwanza."

Sekela alikuwa amefariki Jumamosi alfajiri. Ijumaa kutwa alikuwa na akili zake, anazungumza, amekunywa uji, ameomba wamgeuzie kitanda kielekee mlangoni. Kama ningepanda basi la Alhamisi, Ijumaa hiyo ningekuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

Jioni walituletea ndizi za kupika, mimi, shemeji na wazee wawili wa kanisa. Chumba kilikuwa na picha ya harusi yao na sanduku lake la nguo, ambalo mtu alikuwa amelifunika kwa shuka. Sikuwa na njaa, lakini nilishika kijiko ili mikono ipate kazi. Shemeji aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga mambo kichwani mwake, "Barua ilikufikia lini?"

"Jumatatu," nilisema. "Jumatatu jioni."

"Jumatatu hii? Lakini Sanga aliondoka nayo wiki iliyopita."

"Nimeipata Jumatatu." Hapo ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Labda aliisahau ndani ya gari."

Shemeji aliweka bakuli chini. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Hawa watu wa magari," na mwingine akasema Sanga ataulizwa. Kwa sentensi moja nilikuwa nimempa mtu mwingine siku zangu sita, na nikaendelea kula.

Asubuhi shemeji aliomba nimpeleke makaburini. Palikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya kilima. "Kwa hiyo hiyo," alisema akiionyesha pikipiki. Alikuwa hajawahi kupanda. Alikaa nyuma yangu akanishika kiuno kama anayezama, nikaondoka taratibu, na tulipofika kwenye mteremko upepo ukajaa katika koti lake, gurudumu likaruka juu ya jiwe, na shemeji akacheka. Kilimtoka tu, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa, kikubwa na kizuri. Halafu kikakatika, nikahisi paji la uso wake likigonga mgongo wangu na mwili wake ukitikisika. "Alisema utakuja nayo," alikuwa anasema kwa sauti ya kuushinda mlio wa injini. "Mimi nikambishia. Nikamwambia shemeji ataacha hiyo, atapanda basi kama watu." Nilipaswa kusimama. Mstari wa Ramadhani ulikuwa pale, ningeweza kuuona. Niliendesha mpaka makaburini, tukasali, nikamrudisha, na sikusema.

Nilipofika Iringa nilimweleza Ramadhani msiba, nikamweleza na nilichosema, kwa kuwa ningejificha wapi, barua ilipita mkononi mwake. Hakugomba. Alisema tu, "Utamwandikia shemeji yako." Nikasema nitamwandikia. Miezi miwili baadaye Sanga mwenyewe alisimamisha lori mbele ya baraza. Hakuwa na hasira hata yeye, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Fundi," alimwambia Ramadhani, "mimi nilikupa barua siku gani?"

"Jumanne. Kabla ya adhuhuri."

"Basi sijapotewa na akili." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimechuchumaa nikifuta cheni. "Kule kwetu hawanisalimii, bwana. Mama yake Gwamaka akiniona anavuka njia. Kanisani nikikaa, benchi linabaki langu peke yangu. Mke wangu ananiuliza, kweli uliisahau? Nawe uliipata siku gani?" Niliendelea kuitazama ile cheni. Nilisema nitaandika barua, nitalirekebisha. Alishukuru. Alinishukuru kwa kweli, akapanda lori lake. Ramadhani alingoja vumbi litulie. "Nikiandika mimi itakuwa ni fitina," alisema. "Hili ni lako." Tangu siku hiyo hakuigusa tena pikipiki yangu. Tulikula sinia moja kama kawaida, aliniitikia salamu, lakini ilipogoma kuwaka alikaa barazani akiziba pancha za watu wengine, na mimi nikapiga kiki peke yangu uani mpaka mguu ukafa ganzi.

Kuelekea mwisho wa mwaka niliiuza kwa mwalimu mmoja, nikampa na glavu, nikapanda basi la Alhamisi. Nilimkuta shemeji amekaa na chakula, akafurahi kuniona, akaniwekea ndizi. Nikamwambia kabla sijaonja. Nilimwambia Jumanne, na nauli niliyokuwa nayo, na nyingine niliyoahidiwa, na tairi, na basi nililolisikia likipita. Nilimwambia Sanga hakusahau kitu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliniacha nikamaliza, mvua ikipiga juu ya bati. Kisha akasimama, akachukua koti kwenye msumari.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Uyole. Kwa Sanga."

"Twende wote."

"Wewe kaa," alisema. "Yako utayapeleka mwenyewe kesho. Leo naenda na yangu." Nikiwa mlangoni nikamwona akishuka kati ya migomba, koti kichwani, mwendo wa haraka wa mtu aliyechelewa, naye ndiye ambaye hakuchelewa. Alirudi jioni ameloa mwili mzima, akasema amemwomba Sanga radhi, naye amepokea, wamesali. Akasali na mimi pia, akanitaja kwa jina katika sala hiyo, akaomba nisamehewe. Kesho yake nilikwenda Uyole. Sanga alinipa kiti na chai, akanisikiliza, akasema yamekwisha, ila mkewe hakutoka chumbani mpaka nilipoondoka.

Siku ya kurudi Iringa shemeji alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mzigo, akanipa viazi vya kumpelekea Bi. Zuhura. Basi lilipotokea alinipa mkono. "Safari njema, Ambakisye," alisema. Tulionana mara nyingi baada ya hapo, kwenye harusi na kwenye misiba, na kila mara alinipokea vizuri, akanikaribisha chakula. Lakini neno shemeji hakuniita tena mpaka alipokufa.